Maana Iliyopotea ya Kusomesha: Subira na Imani ya Mzazi Mwalimu katika Meru na Embu

Kitenzi 'somesha' kimepatwa na mkasa katika Kiswahili cha Kenya. Kisarufi, kitenzi hiki ni cha kauli ya kusababisha: anayemsomesha mwenzake humfanya asome, humkalisha mbele ya herufi na kumwongoza mpaka azitambue. Hata hivyo, mzazi wa Maua au wa Runyenjes anaposema kwamba anasomesha watoto watatu, hakuna msikilizaji anayedhani kuwa mzazi huyo huketi na wanawe jioni na kitabu mkononi. Maana anayoikusudia, na ambayo hueleweka papo hapo, ni kwamba analipa karo. Kiambishi cha kusababisha kimebaki palepale ila kisababishi chenyewe kimebadilika. Zamani kilikuwa mtu, na sasa ni fedha. Wanaisimu wana istilahi zao za kuelezea mabadiliko ya maana kama haya, lakini badiliko hili halikuanzia katika lugha. Lilianzia sebuleni na jikoni, kisha lugha ikalifuata kama ilivyo desturi yake.

Makala haya yanashikilia kwamba maana ile ya kwanza ya kusomesha haina budi kurejeshwa kwa mzazi wa Meru na Embu, na kwamba kuirejesha kunadai mambo mawili ambayo hutajwa sana madhabahuni na kutajwa kidogo mno katika mijadala ya elimu, yaani subira na imani. Yanashikilia vilevile kwamba maneno hayo mawili yametumiwa vibaya katika eneo hilo hilo, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni maneno, ana deni la kulipa hapa.

Ni vyema kwanza kupambanua, kwa sababu jina 'elimu ya nyumbani' limebandikwa juu ya mambo yasiyofanana. Wapo wazazi, wachache kwa hakika, walioamua kutowapeleka watoto shuleni kabisa na kuwafunza wenyewe, wengi wao kwa sababu za kidini. Wapo wazazi, ambao ndio wengi, ambao watoto wao huenda shuleni na kurudi jioni wakiwa na kazi ya kufanya, na ambao Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umewataka washiriki. Kisha yupo mtoto ambaye yuko nyumbani wala hafunzwi na yeyote. Huyu wa mwisho hujificha nyuma ya jina la yule wa kwanza, na tatizo zima la mjadala huu liko katika kushindwa kuwatenganisha hawa wawili.

Elimu ya nyumbani si jambo geni lililoletwa na Wamarekani, kama inavyodaiwa na baadhi ya watu. Kabla ya kuja kwa wamisionari, nyumba ndiyo iliyokuwa shule. Kijana wa Kimeru aliyetahiriwa aliingia gaaru, nyumba ya vijana mashujaa, akafunzwa humo sheria za rika na ulinzi wa jamii, naye msichana alifunzwa na mama na nyanya. Mafunzo ya awali yalitolewa jikoni, usiku, kando ya moto, kwa njia ya hadithi. Inafaa kukumbushana kwamba irimu, yule jitu mla watu wa hadithi za Kiembu, na zimwi wa hadithi za Kiswahili ni ndugu wa shina moja la Kibantu. Nyanya aliyemsimulia mjukuu wake habari za irimu alikuwa akimwandalia njia ya kuingia katika fasihi ya Kiswahili pasi na yeye mwenyewe kujua. Nyanya huyo hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni wakati, na radhi ya kuirudia hadithi ile ile mara ishirini kwa sababu mtoto ameiomba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 zilifika misheni: Waanglikana wakajikita Kigari upande wa Embu, Wamethodisti wakajikita Kaaga upande wa Meru, na Wakatoliki wa Consolata nao wakaenea pande zote mbili. Waumini wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Neno hilo ni la maana sana kwa mjadala huu. Kwa watu wa wakati ule, kusoma na kuamini kulikuwa kitendo kimoja, na aliyeingia dini aliingia kitabu. Pwani nako hali ilikuwa hivyo hivyo kwa karne nyingi, kwani mtoto alisoma chuoni, na chuo mara nyingi kilikuwa baraza au chumba cha nyumba ya mwalimu. Baadaye, pole kwa pole, kazi iligawanywa. Kusoma kukaenda shuleni, kuamini kukaenda kanisani, na mzazi akaachiwa kulipa. Shule za bweni zilikamilisha mgawanyo huo, na leo wapo wazazi ambao huwaona watoto wao wa miaka kumi kwa majuma machache tu ya likizo.

Fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, haijawahi kuusahau uhusiano wa mzazi na somo. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utenzi wake maarufu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akamwachia binti yake Mwana Hashima. Alifariki miaka michache tu baadaye. Wahakiki wengi wameukosoa utenzi huo kwa jinsi unavyomweka mke chini ya mume, na ukosoaji huo una mashiko. Lakini mara nyingi katika kuukosoa husahaulika hali yenyewe ya utungaji. Hapo alikuwapo mama kitandani, asiye na shule ya kumpeleka bintiye, akiamua kwamba lugha aliyo nayo inatosha kuwa shule. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati baada ya kufiwa na mama wa mtoto huyo. Tungo hizi husomwa vyuoni kama maandishi ya maadili, au kama ushahidi wa itikadi ya enzi zake. Ni nadra kusomwa kama vilivyo, yaani vitabu vya kiada vilivyoandikwa na mzazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja.

Yote hayo yangebaki kuwa historia tu lau si mwaka 2020. Mnamo Jumapili tarehe 15 Machi, siku 2 baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Hakuna aliyedhani zingefungwa kwa muda mrefu. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo umepotea. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea tarehe 12 Oktoba, nao waliosalia wakarejea tarehe 4 Januari 2021. Kwa muda wa takriban miezi 9, basi, kila mzazi wa Meru na Embu, apende asipende, alikuwa mzazi wa elimu ya nyumbani. Serikali ilitangaza vipindi vya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala kupitia redio na runinga. Vipindi hivyo vilikuwa vizuri. Lakini kipindi cha redio hakimsubiri mtoto aliyekwama, na katika nyanda kame za Mbeere, ambako nyumba ziko mbalimbali na umeme haujafika kote, kuna boma ambazo hazikupata hata hicho.

Upande wa Igembe na Tigania palikuwa na pigo la pili. Somalia, ambayo ndiyo iliyokuwa soko kuu la miraa baada ya Uingereza kuipiga marufuku mwaka 2014, ilifunga mlango mwezi ule ule wa Machi 2020, na haikuufungua hadi Julai 2022. Kwa hiyo mzazi wa Laare au Muringene alipata watoto nyumbani na kupoteza mapato katika mwezi mmoja. Miraa ambayo bado ilikuwa na mnunuzi ilihitaji kuchumwa, na matawi ya juu hupandwa kwa wepesi zaidi na mvulana kuliko na mtu mzima. Mambo yalikuwa hivyo hivyo katika muguka wa Mbeere, na katika majani chai na kahawa ya Manyatta na Runyenjes. Mtoto aliyeshika vibunda na kulipwa siku hiyo hiyo alijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu angeweza kulifuta kwa urahisi mwezi Januari. Alijifunza kwamba mkono unalipa leo, ilhali kitabu kinaahidi kulipa baadaye.

Hapa ndipo neno subira linapohitaji kuchunguzwa. Kamusi hulieleza kuwa ni uvumilivu, hali ya kungoja bila kulalamika. Katika matumizi ya kila siku, hususan bara, kitenzi 'subiri' kimekuwa kisawe kamili cha 'ngoja': mteja huambiwa asubiri, abiria husubiri matatu ijae. Methali isemayo subira yavuta heri haizungumzii kungoja kwa namna hiyo. Kitenzi kilichochaguliwa ni 'vuta', na anayevuta anatumia nguvu. Mvuvi avutaye jarife hangoji samaki waje. Subira ya mzazi anayefunza ni ya aina hiyo, kazi ya mikono inayorudiwa bila kuonyesha matokeo kwa siku nyingi.

Msomaji na aitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mama mchuma majani chai wa Runyenjes amerejea saa kumi na moja jioni akiwa amechoka. Ana mtoto wa miaka minane ambaye anatakiwa kusoma kifungu kifupi cha Kiswahili. Kwa bahati njema, tahajia ya Kiswahili ni rafiki wa mzazi. Silabi hutamkwa kama zilivyoandikwa, na mtoto akishazimudu silabi sahili amekwisha kupata ufunguo wa sehemu kubwa ya maneno. Taabu huanza pale ambapo lugha mbili zinapokutana. Katika maandishi ya Kiembu na ya Kimeru, herufi 'th' huwakilisha sauti ambayo katika Kiswahili huandikwa 'dh'. Kwa hiyo mtoto ataandika 'thahabu' kwa dhahabu, kisha atakutana na 'thelathini' na kuitamka 'dheladhini', na wala hatakuwa amekosea kwa mujibu wa kanuni anayoijua. Mama asiyejua chanzo cha kosa atalirekebisha mara tatu, na mara ya nne atafoka. Mama anayejua chanzo chake atacheka, aandike maneno mawili ubavuni mwa mengine mawili, na jioni moja itatosha kuanzia. Tofauti baina ya akina mama hawa wawili si ya tabia peke yake, kwani mmoja ana maarifa ambayo mwenzake hajapewa. Hili ni jambo la kutiliwa mkazo kwa sababu wahubiri wengi huwahimiza wazazi wawe na subira kana kwamba subira ni kipaji kinachoshuka kutoka juu bila kupitia kwa mtu mwingine. Kwa kiasi kikubwa mzazi hukosa subira kwa sababu hajui kinachoendelea katika akili ya mtoto. Akijua, huweza kuvumilia.

Kuna jambo jingine linalompa mzazi huyu nafasi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Kufuatia Ripoti ya Mackay ya 1981, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mzazi mwenye miaka thelathini na kitu au arubaini leo ni zao la mfumo huo. Aliimba ngeli, akaandika imla na insha, akafanya mtihani. Anadhani amesahau, lakini akikaa na mtoto kwa juma moja huona vinarudi. Mtaala ule ulilaumiwa kwa mengi hadi mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanywa mwaka 2023. Mchango wake wa kuzalisha kizazi cha wazazi wanaoweza kumsahihishia mtoto sentensi ya Kiswahili haujasifiwa inavyostahili.

Mtaala wa Umilisi nao ulipowajia wazazi na kazi za kutengeneza vitu nyumbani, uliibua manung'uniko mengi, hasa mijini, na kazi ya kuunda sanamu ya kutishia ndege ikawa kichekesho cha taifa. Huko Mbeere, ambako mtama na wimbi hulindwa dhidi ya ndege kila msimu, hiyo si kazi ya kuchekesha. Ndiyo kazi ambayo mzazi asiyejua kusoma anaweza kuifunza vizuri kuliko mwalimu wa shule. Kasoro iliyokuwapo ni kwamba hakuna aliyemwambia mzazi huyo kuwa alichokuwa akikifanya ni kufunza. Alijiona kama mtu aliyetwishwa kazi ya mwalimu, ilhali alikuwa akiifanya kazi yake mwenyewe.

Imani ni neno zito zaidi. Katika Kiswahili linabeba mambo matatu kwa pamoja: itikadi ya dini, kumwamini mtu, na huruma, kama inavyosemwa juu ya katili kwamba hana imani. Elimu ya nyumbani inazihitaji zote tatu. Mzazi Mkristo wa Meru anayemfunza mtoto akiamini kwamba amekabidhiwa na Mungu anasimama katika mstari mmoja na wale athomi wa kwanza, na hapana sababu ya kumdhihaki, kama ambavyo hakuna anayemdhihaki Mwislamu wa Lamu anayemfunza mwanawe alifu kwa ujiti kabla hajatimiza miaka sita. Lakini itikadi bila kumwamini mtoto, yaani bila kuamini kwamba ana akili yake na ataifikia hatua yake kwa wakati wake, huzaa fimbo. Na itikadi bila huruma inaweza kuzaa msiba.

Msiba huo hauhitaji kubuniwa. Mnamo Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hesabu ikapita 400, watoto wakiwemo. Mafundisho ya kuipinga elimu ya shule yalikuwa yamesikika katika kanisa lililohusishwa na msiba huo kwa miaka kadhaa kabla ya watu kuanza kufa njaa. Karibu zaidi na nyumbani, kundi la Kavonokia, lenye wafuasi katika Tharaka na sehemu za Meru na Embu, linajulikana kwa miaka mingi kwa kuikataa tiba ya hospitali kwa misingi ya imani. Itakuwa dhuluma kuwatia katika kapu moja wafuasi wa kundi hilo na yaliyotokea Shakahola, na itakuwa dhuluma kubwa zaidi kumtilia shaka kila mzazi mcha Mungu anayefunza watoto sebuleni. Hata hivyo, anayeitetea elimu ya nyumbani na akapita kando ya Shakahola bila kuitaja hawezi kuaminiwa. Palipo na mtoto asiyeonekana na mwalimu, daktari, jirani wala mjomba, imani ya mzazi imekuwa ukuta. Nyumba ya zamani ya Kimeru haikuwa hivyo. Mtoto alionekana na kijiji kizima, na mzazi aliyepotoka aliambiwa amepotoka.

Sheria kwa upande wake haisaidii sana. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na inatoa adhabu ya faini au kifungo kwa anayekiuka. Haina kifungu kinachoitambua waziwazi elimu ya nyumbani. Matokeo yake ni kioja. Mbele ya chifu, mzazi anayemfunza mwanawe saa nne kila siku na mzazi anayempeleka wake kuchuma muguka ni wakosaji wa aina moja. Na mzazi ambaye mtoto wake huhudhuria shule kila siku bila kujua kusoma hana kosa lolote.

Huyo wa mwisho si wa kubuniwa pia. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2009, huwaendea watoto majumbani na kuwapima Kiingereza, Kiswahili na hesabu, kisha mzazi huelezwa matokeo pale pale. Katika ripoti za miaka yake ya mwanzo ilibainika kwamba ni takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao walikuwa shuleni. Karo ya wengi wao ilikuwa imefutwa tangu mwaka 2003. Kwa maana ya siku hizi walikuwa wakisomeshwa, tena na serikali.

Yako mapingamizi. Husemwa kwamba mzazi maskini hana wakati, na hilo ni kweli, ingawa nusu saa ya jioni haihitaji utajiri, inahitaji redio kuzimwa. Husemwa kwamba kumtetea mzazi mwalimu kutaipa serikali kisingizio cha kujivua jukumu lake la kuajiri walimu. Pingamizi hili ni zito na halijibiki kwa maneno. Labda jawabu pekee ni kwamba mzazi ambaye amewahi kufunza ndiye atakayejua walimu 2 kwa wanafunzi 100 ni balaa gani, na ndiye atakayekwenda kupiga kelele katika mkutano wa shule. Husemwa pia kwamba msichana akibaki nyumbani ataishia kuteka maji na kulea wadogo zake. Mwaka 2020 ulithibitisha hofu hiyo, na kila anayependekeza elimu ya nyumbani katika Meru na Embu anapaswa kwanza kuonyesha ni nani atakayeteka maji.

Limebaki deni la wanakiswahili. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimeandaa makongamano yasiyohesabika kuhusu istilahi, ufundishaji na hadhi ya lugha katika Afrika Mashariki. Katika eneo hili pekee kuna Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na Chuo Kikuu cha Methodisti, vyote kwenye barabara moja au kando yake. Wanafunzi wao walirudishwa nyumbani mwaka 2020 kama watoto wengine, na wengi wao waliwafunza wadogo zao wakiwa wameketi juu ya magunia ya kahawa. Wamerudi vyuoni na kuandika tasnifu kuhusu riwaya. Ni nani aliyeandika yale aliyoyaona: jinsi 'th' na 'dh' zinavyomchanganya mtoto wa Kiembu, hadithi gani ya nyanya iliyomfanya mtoto aombe kusoma, silabi zipi zilichukua siku moja na zipi zilichukua mwezi? Mihtasari ya masomo mengi ya Mtaala wa Umilisi imeandikwa kwa Kiingereza, na mzazi anayetaka kuelezwa kwa Kiswahili chepesi namna ya kumkalisha mtoto na kuanza naye ana pachache pa kwenda. Kuna lugha yenye utenzi uliotungwa na mama mgonjwa kwa ajili ya somo la binti mmoja, nayo inashindwa kumwandikia mama mchuma majani chai kurasa kumi.

Wala haistahili kusubiri Wizara, kwa maana ile ya siku hizi ya kusubiri. Chifu anayebisha hodi Gachoka au Laare siku ya shule na kumkuta mtoto nyumbani huuliza sare iko wapi na shule ni ipi. Angeweza kuanza kwa kumpa mtoto ukurasa mmoja wa hadithi na kumwomba asome kwa sauti, mzazi akiwa amesimama hapo hapo. Akiweza kusoma, mazungumzo yatakuwa ya namna moja, na asipoweza yatakuwa ya namna nyingine, awe na sare au asiwe nayo. Ukurasa huo si mgumu kuandika. Unahitaji zimwi mmoja, nyanya mmoja na maneno kama mia moja na hamsini, 'dhahabu' na 'thelathini' yakiwemo, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili anaweza kuumaliza katika alasiri moja ya likizo ya Desemba.